Mwamba Ulionisubiri

Ndugu zangu wa safu ya mbele, mmeona tangu nirudi kwamba kidole changu cha shahada hakinyooki vizuri ninapoketi kwa tahiyatu. Mmeniuliza, nami nimewajibu, "Safari ilikuwa salama, alhamdulillahi." Ni kweli Mungu amenirudisha Bukavu nikiwa na macho yangu na miguu yangu, na kwa hilo ninamshukuru. Lakini jibu lile halikutosha. Ninaandika haya ili mpate lililobaki.

Mnamkumbuka mdogo wangu Saleh, aliyekwenda pwani ya Tanzania akiwa kijana, akaoa kusini ya Kilwa, akawa mwalimu wa chuo cha Kurani katika kijiji cha mke wake. Kijiji kile kinaishi kwa pweza. Maji yanapokupwa sana, wanawake huingia kwa miguu juu ya mwamba na fimbo zao za chuma, wakichokoa matundu. Kila mwaka hufunga sehemu moja ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha huifungua siku moja, wote pamoja. Sehemu hiyo inaitwa Kitoni. Mara ya mwisho Saleh ndiye aliyesoma dua ya kufunga. Alisema mbele ya watu kwamba mguu wa mtu usiingie Kitoni mpaka yeye mwenyewe asome ya kufungua. Kabla ya siku hiyo, Mungu akamchukua.

Ndipo mjane wake, shemeji Zuhura, aliponipigia simu. "Shemeji, wazee wamekubaliana. Neno alilolifunga Saleh lifunguliwe na kaka yake. Tunakuomba uje."

Nikamuuliza hali ya huko.

"Salama tu. Njoo kwa nafasi yako."

Asilolisema ni kwamba mwamba ulikuwa unaliwa. Kuna mdudu wa baharini mwenye umbo la nyota, ambaye pwani humwita kiti cha pweza. Wengi hawana madhara. Lakini yupo mmoja mkubwa kama sinia, mwenye mikono mingi na miiba mwili mzima, na chakula chake ni matumbawe. Mimi nilidhani matumbawe ni mawe. Kumbe ni viumbe hai, na ndani yake ndimo samaki wadogo na pweza wanamoishi. Mdudu huyu hulitoa tumbo lake nje, akalilaza juu ya tumbawe, na akiondoka huacha mfupa mweupe. Walikuwa wameingia Kitoni kwa wingi. Wavuvi waliopita juu kwa ngarawa waliwaona, wakataka kuwatoa kwa kulabu. Hawakuthubutu. Neno la Saleh lilikuwa bado limefunga, na mwenye kulifungua alikuwa huku mtaani kwetu Nguba, anatafuta koti lake.

Basi ninapowasimulia safari hii, mjue kwamba huko mbele mwamba ulikuwa ukiliwa, na mimi sikujua.

Nguba hadi Kigali

Mke wangu alinifungia sambaza kavu, dagaa wa ziwa letu, kwenye mfuko, nyingi kupita kiasi. "Bale batu ba pwani," alisema, "batajua kama tuko na ziwa." Nikavuka daraja la Ruzizi asubuhi, nikapanda basi upande wa Rwanda.

Karibu yangu aliketi Maman Nsimire, mwenyeji wa Walungu, mfanyabiashara wa vitenge anayekwenda Dar es Salaam kama sisi tunavyokwenda sokoni Kadutu. Ni mama wa kanisa, mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Kabla hatujafika kwenye msitu wa Nyungwe alikuwa amekwisha kujua ukoo wangu wote.

Katikati ya msitu, mti ulikuwa umeanguka barabarani. Tulishuka, tukangoja. Kulikuwa na baridi na ukungu, na tumbili walitutazama kama wanaotukagua. Wengine walimkasirikia dereva. Mimi nilitoa tasbihi yangu, nikakaa juu ya jiwe.

"Papa, weye hauna haraka?" Maman Nsimire aliuliza.

"Mama, aliyeuangusha mti ndiye atakayeuondoa."

"Apana. Wenye kuondoa ni bale ba machine, na bamekawia."

Tulicheka. Nilifungua mfuko wa sambaza, tukala na mkate wake. Siku ile nilijiona mtu mwenye subira, na sikufikiri kama kuna anayenisubiri.

Tulifika Kigali tumechoka, na kesho yake ilikuwa Ijumaa. Basi la kwenda Tanzania lilikuwa linaondoka kabla ya adhuhuri. Mnajua kwamba sheria inamruhusu msafiri aiache swala ya Ijumaa, aswali adhuhuri yake njiani. Nimewafundisha wengi jambo hilo. Lakini nilisema moyoni kwamba ninakwenda kusoma dua, na si vizuri kuianza kazi hiyo kwa kuiruka Ijumaa. Nikaahirisha. Maman Nsimire naye alikuwa na mteja wa kumwona mjini, akafurahi tusafiri pamoja.

Kabla ya khutuba nilimpigia shemeji kumwambia nitachelewa kidogo.

"Hakuna shida, shemeji. Swali kwa utulivu. Huku salama."

Kigali hadi Kahama

Mpakani Rusumo tulikaa mpaka jua likatuchosha. Sitawachosha na mambo ya mihuri. Ninachokumbuka ni muuza mahindi upande wa Tanzania. Nilimwambia, "Nipe moja," bila salamu, kama tunavyofanya sokoni kwetu. Aliniangalia kwa huruma.

"Mzee, shikamoo kwanza."

Nilifikiri yeye ndiye ananiamkia, nikamjibu, "Marahaba." Watu wakacheka. Kumbe alikuwa ananisomesha adabu. Alinipa hindi kubwa kuliko mengine, akasema, "Huko mlikotoka mna haraka sana." Maneno yale yamenirudia mara nyingi tangu siku hiyo.

Karibu na Kahama basi likaharibika. Fundi alilala chini yake, miguu nje, akawa anaomba vyuma kimoja baada ya kingine kama mtu anayeagiza chakula. Tulikaa kwenye mgahawa wa kando ya njia, chai ya tangawizi na chapati. Hapo ndipo Maman Nsimire aliponisikia nikizungumza tena na shemeji kwenye simu. Nilipomaliza, aliweka kikombe chini.

"Papa, uyo mama anakuambiaka nini?"

"Kwamba nisikimbie. Kwamba wako salama."

"Na haulizi utafika lini?"

"Haulizi. Ni mtu wa adabu."

"Papa, miye nauzaka bitenge. Muteja akiniuliza bei, akiniuliza rangi, akinigombeza, iko sawa. Ule anasema tu 'iko muzuri, iko muzuri', kuko kitu. Uyo mama kuko kitu anaficha. Piga tena, muulize."

"Nitamuulizaje? Nimwambie anasema uongo?"

"Umuulize tu: kuko nini?"

Sikupiga. Nilimwambia kwamba watu wa pwani ni wapole, na kwamba si heshima kumhoji mjane. Maman Nsimire alivuta kitenge chake mabegani. "Sawa, papa. Heshima." Akaagiza chapati nyingine.

Nimeifikiria sana chai ile. Lau ningepiga simu na kuuliza maneno yale mawili, shemeji angelazimika kujibu, na mimi ningeweza kusoma dua ya kufungua palepale kandokando ya basi bovu, watu wote wa kijiji wakiisikia kwenye simu. Dua haina umbali. Hili nalo nimelifundisha.

Dar es Salaam

Dar tuliagana na Maman Nsimire, naye akapotea katika mitaa ya Kariakoo kama mtu aliyeingia nyumbani kwake. Mimi nilipokewa na binamu wa mbali, mtu mwema asiyejua kumwachia mgeni aende zake. Nilipotaka kuondoka kesho yake alikataa. Alisema hajawahi kumwona mtu wa ukoo aliyetoka Kongo. Akaniandalia pilau, akaita majirani, akanitembeza kwa kila jamaa. Kila nilikoingia niliketishwa, nikapewa juisi ya ukwaju, nikaulizwa kama Bukavu kuna mvua.

Nilikaa siku tatu. Sikuwa nimelazimishwa. Ninasema hivyo kwa sababu nilipofika kijijini nilijaribu kujiambia kwamba nililazimishwa.

Hakuna aliyenieleza habari ya bamvua, nami sikuuliza. Sisi wa ziwani hatuna kupwa na kujaa kwa namna ile. Kivu iko palepale asubuhi na jioni. Kule bahari ina siku zake: mwezi unapokuwa mpevu au unapoandama, maji hukupwa mbali sana na mwamba hutoka nje. Hiyo ndiyo bamvua. Baada yake huja siku za maji mafu, ambapo mwamba haukauki, na mwanamke hawezi kuingia kwa miguu. Bamvua ilikuwa inapita nikiwa Dar, mkono wangu umo katika pilau.

Kijijini

Basi la Kilwa lilikwenda vizuri, na pikipiki ya kutoka Kilwa ilinitikisa lakini ikanifikisha. Walikuwa wamekusanyika, wanawake upande mmoja na wanaume upande mwingine. Shemeji Zuhura aliupokea mfuko wangu wa sambaza kama dhahabu.

"Dagaa wa Kongo," akasema.

"Sambaza," nikasema.

"Basi sambaza. Karibu, shemeji. Pole na safari."

"Habari za hapa?"

"Salama."

Chakula kilikuwa wali wa nazi na pweza mkavu aliyepikwa kwa tui. Sijawahi kula kitu kitamu kama kile. Niliomba tena, naye akaniongezea. Niliona wengine wamejipakulia mchuzi mtupu na wali, nikadhani ni desturi ya kumwachia mgeni nyama. Ndivyo ilivyokuwa, lakini haikuwa hilo tu. Yule alikuwa pweza wa mwisho aliyebaki katika nyumba ile.

Tulipokwisha kunawa, Mwalimu Haji, kijana aliyekuwa mwanafunzi wa Saleh na sasa ni imamu, alisogea mbele yangu akapiga magoti.

"Maalim, unaweza kusoma sasa hivi?"

"Sasa? Nilidhani ni shughuli ya asubuhi, watu wavae."

Alimtazama shemeji. Shemeji akainamisha kichwa. Ndipo wakaniambia yote, huku sinia bado liko mbele yangu. Walisema wadudu walionekana kwanza ukingo wa nje, wachache. Walisema wakati ule ungetosha kuwatoa kwa kulabu.

"Kwa nini hamkuniambia kwenye simu?" nikauliza.

Shemeji Zuhura alijibu kwa sauti ndogo. "Msafiri hapewi habari mbaya njiani, shemeji. Utaendaje na moyo mzito? Na wewe ni mkubwa. Nani angekwambia kimbia?"

"Na wewe, Haji, kwa nini hukusoma mwenyewe?"

"Mwalimu wangu alisema mguu wa mtu usiingie. Mimi ni nani?"

Nami nilikuwa nimefanya vilevile. Wao walinyamaza kwa heshima yangu, nami sikuuliza kwa heshima yao. Nilisimama bila koti, tukatoka mpaka ufukweni, nikasoma ya kufungua. Maji yalikuwa yamejaa juu ya Kitoni. Wanawake walisimama na fimbo zao wakiyatazama. Wanaume wenye ngarawa waliingia jioni ileile na kulabu, lakini maji yalikuwa na mawimbi na hawakupata wengi.

Kitoni

Nilibaki mpaka bamvua iliyofuata. Kila siku ngarawa zilitoka, kila siku walirudi na magunia ya wadudu, na mashimo yalichimbwa juu ya ufuko. Kijana mmoja mwenye hasira alianza kuwakatakata kwa panga na kuwatupa majini. Shemeji Zuhura alimkimbilia.

"Wewe Juma, unapanda mbegu?"

"Ninaua, mama."

"Unapanda. Kipande chaweza kuota kikawa mzima. Walete wafukiwe, na panga lako ukakatie kuni."

Harufu ya mashimo yale ilifika mpaka msikitini.

Siku ya bamvua, maji yalirudi nyuma mpaka nikaogopa. Nilivaa viatu vya plastiki vya marehemu mdogo wangu, nikaingia nyuma ya shemeji, nimeshika fimbo. Upande wa karibu na ufuko matumbawe yalikuwa na rangi ambazo sikujua zimo baharini, kahawia, zambarau, manjano, na samaki wadogo walikuwa wanajificha. Tulitembea kidogo. Kisha rangi zikaisha.

Sijui niwaelezeje. Mmeona kuta za nyumba zikibaki baada ya moto, zimesimama lakini hakuna aliye ndani. Matumbawe yote yalikuwa yamesimama vilevile na matawi yake, meupe. Mengine yalikuwa ya siku nyingi zaidi, yameanza kufunikwa na utando wa kijani. Shemeji aliingiza chuma katika tundu, akachokoa, akatoa. Akaenda tundu la pili, la tatu. Wanawake wote walikuwa wanafanya hivyo, wameinama, bila kuimba. Walikuwa wameniambia kwamba siku ya kufungua huimba.

Tulipofika ukingo wa sehemu ile nyeupe, nilimwona mdudu mmoja. Alikuwa amejilaza juu ya tumbawe, nusu yake bado ya zambarau, nusu imekwisha. Sikungoja kulabu. Niliinama nikamshika kwa mkono, kwa kidole hiki mnachokiona. Nilitaka angalau mmoja nimtoe mimi.

Maumivu yake sitayasahau. Shemeji alinipigia kelele kama mtoto wake. "Shemeji, una akili? Ana sumu huyo." Akanirudisha nje akinivuta kanzu, akautumbukiza mkono wangu katika maji ya moto, akaendelea kunigombeza mpaka machozi yakamtoka. Ilikuwa mara ya kwanza azungumze nami bila adabu. Nilimshukuru Mungu kwa maneno yale kuliko kwa dawa.

"Kama ningewahi, wadudu wangetoka, Zuhura?" nikamuuliza.

Alikorogakoroga maji. "Wangetoka, shemeji. Si wote. Ila pale tulipopita leo pangekuwa pazima."

"Na wewe utaishije mwaka huu?"

"Kwa mwani. Na kwa kushona. Mungu yupo." Kisha akasema, "Pweza sijui."

Kabla ya kuondoka niliwaomba wazee wakutane barazani pa msikiti. Niliwaambia kwamba kuanzia siku ile kufunga na kufungua ni kwa walio hapo, kwamba Haji asome na Zuhura aangalie, na kwamba yeyote atakayeona madhara aingie siku hiyohiyo bila kumngoja mtu. Mzee mmoja alikohoa.

"Maalim, marehemu alisema mguu wa mtu usiingie."

"Marehemu ni mdogo wangu. Nimemfundisha alifu na be. Alifunga ili watu wasivue. Hakufunga ili watu wasitibu."

"Hakutueleza hivyo."

"Hakujua kama mngehitaji kuelezwa. Wala mimi sikujua."

Wakakubali. Lilikuwa jambo dogo, na lingeweza kufanyika kwa simu nikiwa bado Nguba.

Kurudi

Njia ya kurudi haina mengi. Mkono ulikuwa umevimba, nikala kwa kijiko kama mgonjwa. Mti wa Nyungwe ulikuwa umekatwa, vipande viko kando ya barabara. Basi halikuharibika, mpaka haukutuchelewesha. Njia nzima ilikuwa wazi, na mimi sikuwa na pa kuwahi.

Nilimkuta Maman Nsimire karibu na soko la Nguba, ana mzigo kichwani. Aliutazama mkono wangu.

"Papa, kulikuwa kitu?"

"Kulikuwa, mama."

Hakusema kwamba aliniambia. Alinishika begani tu. "Pole, papa. Tunaomba Mungu." Akaenda zake.

Juzi simu ililia. Ni shemeji Zuhura. Tukaamkiana kama kawaida, yeye salama, mimi salama. Nikavuta pumzi ili nimuulize lililobaki, lakini hakunisubiri.

"Ila wameonekana tena, shemeji, upande wa karibu, kule penye rangi. Wachache."

"Lini?"

"Asubuhi hii. Tumeshaingia. Haji alisoma akiwa ndani ya maji mpaka kiunoni. Tumewatoa wote tuliowaona. Nimekupigia ili ujue tu."

Ile sehemu nyeupe imebaki nyeupe. Wanasema huenda ikarudi, lakini kwa miaka, na miaka hiyo si yangu wala yake. Nilitaka kumwomba radhi tena. Akanikata.

"Na wewe, shemeji, habari za Bukavu?"

Nilianza kusema salama. Kisha nikavuta kiti karibu na dirisha, nikakaa, nikamwambia zote.